Baiskeli nzito, inayumba, vidole vimekufa ganzi: jinsi ya kutafuta tatizo lako kipindi cha upepo na baridi Dodoma

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi hapa Dodoma lalamiko ni lile lile, baiskeli imekuwa nzito ghafla. Mtu anaipeleka kwa fundi, fundi anafungua ekseli, anabadilisha gololi, anapaka grisi, anachukua hela yake, kesho yake jamaa anapanda tena kuelekea Ihumwa na uzito uko pale pale. Wiki inayofuata baiskeli imeegeshwa nyuma ya nyumba, kuku wanalalia, mwenyewe karudi kwenye daladala. Inaniuma kuona hivo maana mara nyingi ile baiskeli haikuwa na shida yoyote, shida ilikuwa upepo, na dawa za upepo hazifanani kabisa na dawa za baiskeli. Kuna na upande wa pili, mtu anavumilia miezi mitatu anasema ni upepo tu huu wa Dodoma kumbe breki ya nyuma inagusa rimu tangu mwezi wa nne.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia kwa fundi, jua kwanza unamshtaki nani kati ya watatu: upepo, baiskeli, au mwili wako uliopigwa baridi. Kuna fundi mmoja mtu mzima maeneo ya Majengo, mteja akimwambia "fundi, baiskeli imekuwa nzito", yeye kabla hajashika spana anauliza "unaona nzito ukienda au ukirudi?" Swali moja hilo linaokoa hela nyingi sana, ila ili lifanye kazi lazima uujue upepo wetu.

UPEPO WETU UNATOKA WAPI NA UNAAMKA SAA NGAPI

Kipindi hiki cha kusi upepo unakuja toka mashariki na kusini mashariki. Dodoma tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, uwanda mkavu, miti ya kuhesabu, hakuna cha kuuzuia. Watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wanaita Juni mpaka Agosti kipupwe, na Julai usiku unaweza kushuka mpaka nyuzi 13 hivi, hata chini kidogo siku nyingine. Septemba na Oktoba baridi inaondoka lakini upepo unabaki na vumbi lake.

Kitu ambacho wengi hawakiangalii ni saa. Usiku hewa ya baridi inalala chini kwenye ardhi na upepo wenye kasi unabaki juu yake, ndo maana alfajiri mara nyingi kunakuwa kumetulia. Jua likishapanda na ardhi ikaanza kupata moto, ile hewa ya chini inainuka inachanganyika na ya juu, na upepo wa juu unashuka kwenye uso wako. Hapo ni kuanzia kama saa 3, saa 4 asubuhi. Kwa hiyo ukitoka mapema unapata upepo mdogo na baridi kali, ukichelewa unapata joto kidogo na upepo mkubwa. Mimi siku zote namwambia mtu achague baridi, sababu baridi unaivalia nguo, upepo wa mbele hauna nguo.

Alafu mwelekeo. Mtumba iko mashariki ya mji, kama kilomita 17 kutoka katikati. Mtu anayetoka Kizota, Nkuhungu au Area C kwenda Mtumba asubuhi anaupiga upepo uso kwa uso njia nzima, jioni anasukumwa mgongoni mpaka nyumbani. Anayetoka Nala kuja mjini hivo hivo, naye anaelekea mashariki. Anayekaa Nzuguni au Ihumwa na anafanya kazi mjini ni kinyume chake, asubuhi anateleza tu, jioni akiwa amechoka ndo anakutana nao. Wa Msalato na Veyula, na wale wa barabara ya Iringa, wao wanapigwa ubavuni, na huo una hatari zake nitazisema.

BAISKELI NZITO KWENDA, NYEPESI KURUDI

Hapo ni upepo, usihangaike na fundi. Kama huna uhakika upepo una nguvu kiasi gani huhitaji kipimo, angalia vitu vinavyokuzunguka. Majani na vijiti vidogo vikitikisika muda wote na bendera ikinyooka, huo ni kilomita 12 mpaka 19 kwa saa. Vumbi likianza kunyanyuka na makaratasi kuruka ni kilomita 20 mpaka 28 (zamani tulikuwa tunaangalia mifuko ya rambo, tangu ilipopigwa marufuku 2019 angalia vumbi tu inatosha). Miti midogo ikianza kuyumba yote ni 29 mpaka 38, na matawi makubwa yakicheza umeshavuka hapo, siku hiyo panda daladala hakuna aibu.

Sasa kwa nini uzito unakuwa mkubwa vile wakati upepo wenyewe unaonekana wa kawaida? Hewa haikubani kwa hesabu ya moja jumlisha moja. Ukiendesha kilomita 15 kwa saa kukiwa kumetulia, mwili wako unakutana na hewa ya kasi ya 15. Upepo wa 15 ukija mbele na we ukang'ang'ania spidi yako ile ile, unakutana na hewa ya 30, na nguvu ya hewa kukuzuia inakuwa mara nne, siyo mara mbili. Ndo maana watu wanafika Mtumba wamekwisha, walikuwa wanagombania spidi yao ya siku tulivu.

Dawa ya kwanza ni kuikubali spidi ndogo. Pumzi yako iwe ile ile ya siku zote na miguu izunguke kwa mwendo ule ule, spidi iache ishuke. Kama una gia weka nyepesi mapema, kabla hujaanza kukata pumzi. Kama ni Phoenix au baiskeli yoyote ya gia moja muulize fundi akuwekee friwili (ile gia ya tairi la nyuma) yenye meno mengi zaidi, ukitoka meno 18 kwenda 20 miguu inapata wepesi wa kama asilimia 10 na mnyororo unaweza kuhitaji kuongezwa kipande kidogo. Utapoteza spidi kwenye mteremko lakini kwa mtu wa kwenda Mtumba kila asubuhi kipindi hiki mi naona inalipa kabisa.

Dawa ya pili ni kujipunguza. Mwili wako ndo unazuia hewa kuliko baiskeli. Inama kidogo, viwiko ndani, funga zipu ya jaketi mpaka juu, koti linalopepea funga na mkanda. Kikapu cha mbele kilichojaa begi kinakula nguvu, lihamishie begi kwenye keria na lifunge chini.

Dawa ya tatu ni mwenzako. Mkiwa wawili mnaofahamiana, mmoja anatangulia anakata upepo, wa nyuma anakaa karibu na pembeni kidogo, mnabadilishana kila baada ya dakika chache. Wa nyuma anapumzika kweli kweli. Ila mambo ya kujificha nyuma ya bajaji au roli hapana, huoni shimo, huoni breki yake, na barabara ya Dar ile ina maroli na mabasi yanayopishana kwa fujo. Usifanye.

NZITO KWENDA, NZITO KURUDI

Hapa sasa baiskeli inaingia kwenye kesi. Kabla ya kutoka nyumbani inua nyuma, zungusha tairi kwa mkono uliachie, alafu fanya hivo mbele. Lizunguke kwa muda bila sauti ya kukwaruza na lisimame polepole, mwishoni lirudi nyuma kidogo kwa uzito wa valvu. Likisimama haraka au likisimama kwa kushtuka kuna kitu kinalishika. Sikiliza sauti. Swii swii ya kila mzunguko ni mpira wa breki unagusa rimu, mara nyingi sababu rimu imepinda na spoku zimelegea upande mmoja. Mngurumo wa mchanga mchanga ni gololi, vumbi limeingia kwenye ekseli. Kama halina sauti yoyote ila ni gumu tu, mara nyingi fundi alikaza koni (zile nati zinazobana gololi kwenye ekseli) kupita kiasi, na hii inatokea sana baada ya kubadilishiwa gololi, mwambie alegeze kidogo tu.

Mnyororo ndo mkosaji mkubwa Dodoma na ndo unaotendewa vibaya kuliko vyote. Watu wanapaka oili chafu ya gereji, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Ni nzito, ina unga wa chuma ndani, na ikikutana na vumbi letu jekundu inakuwa ugoro mweusi unaosaga meno ya friwili na mnyororo kwa pamoja. Alafu alfajiri yenye baridi grisi na oili nzito zinaganda zaidi, unasikia miguu inavuta kilomita ya kwanza. Safisha kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ukauke, alafu weka mafuta ya cherehani tone moja moja kwenye kila kiungo, zungusha, na futa yote yaliyobaki nje mpaka ukishika kwa kidole kidole kibaki karibu kikavu. Kufuta ndo kazi yenyewe, maana mafuta yanatakiwa ndani ya kiungo, ya nje yanakusanya vumbi tu. Kipindi cha upepo fanya hivi kila wiki kama unapita barabara ya vumbi, wa lami tupu anaweza kwenda wiki mbili tatu.

Upepo wa tairi je? Ni kweli baridi inapunguza. Ukijaza mchana kwenye joto la nyuzi 33 ukafika 50 (psi) kwenye kipimo cha pampu, alfajiri ya nyuzi 13 utakuta kama 46, yaani imeshuka kidogo, haijaisha. Kwa hiyo ukikuta tairi imelala kabisa asubuhi usiisingizie baridi, hiyo ni pancha ya mwiba. Kipindi hiki upepo unasambaza matawi makavu ya migunga mpaka kwenye lami, na mwiba wake ni mwembamba unaweza kuvuja kidogo kidogo usiku mzima. Ukiziba tyubu bila kuutoa mwiba kesho utaziba tena, kwa hiyo pitisha kitambaa ndani ya tairi pole pole kuzunguka kote, kitakwama pale ulipo. Usipitishe kidole kitupu. Na kwa wenye zile valvu za zamani za mpira mdogo, huo mpira unakauka na kupasuka na hewa yetu kavu, tema mate kwenye valvu uone kama yanatoa povu. Mpira mpya bei yake ni ndogo sana, nunua wa akiba.

INAYUMBA

Hapa naomba usome taratibu sababu ndo panapoua watu.

Kwanza tenganisha. Shika breki ya mbele kwa nguvu, sukuma baiskeli mbele nyuma ukiwa umesimama. Ukisikia kitu kinagonga au ukaona mchezo pale usukani unapoingia kwenye fremu, bering za usukani zimelegea. Inua tairi la mbele, lisukume kushoto kulia kwa mkono, likicheza ni ekseli. Minya spoku mbili mbili kwa vidole, iliyolegea utaijua. Yoyote katika hizo irekebishe leo, maana siku ya utulivu utaona inatingishika kidogo tu ila siku ya mkupuo wa upepo wa ubavuni usukani unaanza kupiga kushoto kulia wenyewe kwa kasi. Ikikutokea ukiwa kwenye mwendo usibane mikono, bana fremu kwa magoti yote mawili, acha kupedali, punguza kwa breki ya nyuma taratibu. Magoti yakigusa fremu ule mtikisiko unakufa.

Kama baiskeli ni nzima basi ni upepo wa ubavu, na hapa inabidi ujue unaelekea wapi. Sisi tunaendesha kushoto. Ukiwa unaelekea kusini, mfano barabara ya Iringa kutoka mjini, au unatoka Msalato kurudi mjini, upepo wa mashariki unakupiga upande wa kushoto na unakusukuma kulia, yaani katikati ya barabara, kwenye magari. Usijibane kwenye ukingo kabisa wa lami kwa kuogopa, sababu mkupuo ukija utayumba, utashtuka, utarudisha kwa nguvu na utadondoka. Chukua nafasi kama mita moja toka ukingoni, mwili uegemee kidogo upande wa upepo, mikono ilegee.

Ukiwa unaelekea kaskazini, kwenda Msalato, upepo unakupiga kulia na unakusukuma nje ya barabara. Unaonekana ni afadhali ila una mtego mbaya. Unakuwa umeegemea kulia bila kujua ili uende sawa. Roli likikupita linaziba upepo ghafla, ile nguvu uliyokuwa unaiegemea inatoweka, na we unaangukia upande wa roli. Likishamaliza kupita upepo unarudi kwa pigo moja na unatupwa kushoto kwenye mchanga. Ukisikia gari kubwa nyuma, punguza mwendo, inama, legeza viwiko, na ukae tayari kwa vitu viwili, kuvutwa kulia alafu kusukumwa kushoto. Mambo hayo hayo, kwa kiasi kidogo, yanatokea unapotoka nyuma ya ukuta mrefu, ghala au mstari wa miti na kuingia pa wazi.

Mizigo nayo. Madumu matupu mawili matatu yaliyofungwa pembeni ya keria yanakamata upepo kuliko madumu yenye maji, watu wanashangaa wanayumba wakienda kisimani na wakirudi na mzigo wanakaa sawa. Yafunge yakae katikati na chini, yasipande mpaka mgongoni. Ukiwa na magunia ya mkaa yaliyopangwa juu siku ya vumbi kunyanyuka, shuka utembee ukiisukuma baiskeli tu.

Mchanga uliosukumwa na upepo juu ya lami, hasa karibu na njia panda za vumbi, upite ukiwa umenyooka bila kushika breki ya mbele na bila kukata kona.

VIDOLE VIMEKUFA GANZI

Nyuzi 13 siyo baridi ya kutisha ukiwa umekaa, ila ukiwa kwenye baiskeli unatengeneza upepo wako mwenyewe, ukiongeza na wa mbele vidole vinapoteza joto haraka. Shida kubwa siyo maumivu, ni breki. Vidole vilivyokufa havivuti breki kwa nguvu wala kwa wakati, na asubuhi rimu ina umande na vumbi kwa hiyo breki yenyewe iko dhaifu. Baada ya kutoka nyumbani shika breki mara mbili tatu kidogo kidogo kukausha rimu kabla hujafika kwenye magari.

Ila siyo kila ganzi ni baridi. Ikiwa ni vidole vyote, vimepauka, vinauma, na vinapona ukivitia kwapani, ni baridi, vaa glavu. Glavu za mtumba zipo, hata soksi ndefu mkononi inafanya kazi ilimradi vidole viwili vya breki vipate uhuru. Ikiwa ganzi ni kidole kidogo na cha pembeni yake tu, hata mchana wa joto inakuja, hapo unaegemea usukani kwa ukingo wa kiganja na unabana mshipa wa fahamu unaopita pale. Ikiwa ni dole gumba na viwili vinavyofuata, kifundo chako kimekunjwa sana. Dawa ya zote mbili ni kubadilisha unavyoshika kila mara, na kuangalia kiti, kikiinamia mbele mwili wote unateremkia mikononi. Kiweke sawa. Watu wengi kipindi cha upepo wanabana usukani kwa woga njia nzima bila kujijua, kila baada ya muda chezesha vidole kama unapiga kinanda.

KIFUA, MACHO, MASIKIO

Kifua kuingia baridi mara nyingi kunaanzia kwenye jasho. Mtu anatoka kavaa sweta mbili, baada ya dakika kumi amelowa, alafu upepo unapita kwenye ule ulowevu. Toka nyumbani ukiwa unasikia baridi kidogo, ndani vaa kitu chepesi, juu vaa jaketi la parachuti lisilopitisha upepo, ukianza kutoa jasho fungua zipu kabla hujalowa. Pale Sabasaba kwenye mitumba tafuta jembamba, lefu nyuma, lenye mkono unaobana kwenye kifundo. Huna jaketi? Weka gazeti kati ya fulana na shati, kifuani, waendesha baiskeli wa mashindano Ulaya wamefanya hivo miaka na miaka wakishuka milimani. Na beba shati kavu, ubadilishe mara tu ukifika, siyo baada ya kuongea na watu nusu saa.

Mwenye pumu asitoke bila dawa yake ya kuvuta, hewa baridi na vumbi vyote viwili vinaamsha kifua, na afunike pua na mdomo kwa mtandio au barakoa ili hewa ipate joto kidogo kabla haijaingia. Kama unakohoa wiki mbili zinapita usiseme ni vumbi, nenda zahanati ukapimwe.

Macho kutoa machozi kwenye upepo wa baridi ni kawaida, jicho linajilinda. Yakiwa mekundu na yanachoma mpaka jioni ni vumbi, yaoshe kwa maji safi bila kusugua. Miwani isiyo na rangi ndo suluhisho, ile nyeusi alfajiri inakunyima kuona. Masikio funika kwa kofia au mtandio, ila usizibe kiasi cha kutosikia gari. Dada zangu na mama zangu, mtandio na kanga vifungwe kwa ndani, ncha inayopepea nyuma inaweza kuingia kwenye tairi au mnyororo na upepo wa mgongoni ndo unaipeleka huko.

MAGOTI YANAUMA KIPINDI HIKI TU

Sababu karibu kila mara ni kusukuma gia ngumu dhidi ya upepo huku goti likiwa la baridi. Vaa suruali inayofunika, kilomita mbili za kwanza nenda taratibu sana, na pima kiti: kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa mguu unyooke. Wengi viti vyao viko chini mno. Na usitoke tumbo tupu, kikombe cha uji kinatosha, na maji unywe hata kama husikii kiu, hewa hii kavu inakausha kimya kimya.

HAWANIONI

Hili watu hawalihesabu kama tatizo la msimu lakini ni la msimu. Sisi tuko magharibi ya Dar kwa saa ile ile moja, kwa hiyo Julai jua linachomoza kama saa 12 na dakika 45 asubuhi. Ukitoka saa 12 kukimbia upepo kama nilivosema, umetoka gizani. Taa ya mbele na nyekundu ya nyuma ni lazima, siyo simu mkononi. Alafu jua likishachomoza, wa kwenda Mtumba wote mnaliangalia usoni, we na dereva aliye nyuma yako, na kioo chake kina vumbi. Kwa dakika zile chache hakuoni kabisa. Acha taa ya nyuma ikiwaka mpaka jua lipande, vaa rangi inayong'aa mgongoni, na kama unaweza panga kuwa umeshavuka sehemu zenye magari mengi kabla ya hapo.

KISULISULI

Agosti mpaka Oktoba mchana vinatokea kwenye viwanja vitupu, vimejaa vumbi na majani. Kidogo kinakupita kwa sekunde chache, ila kikikukuta kwenye mwendo kinakupiga kutoka pande mbili ndani ya sekunde moja na huoni kitu. Ukikiona kinakuja usishindane nacho, ondoka barabarani, shuka, laza baiskeli chini au iegemee, kipe mgongo, funga macho na mdomo mpaka kipite. Kabla ya kupanda tena zungusha matairi uangalie kama mchanga na vijiti havijabaki kwenye mipira ya breki, na pitisha jicho kwenye tairi kama hakuna mwiba mpya.